Ujuzi Uliogeuka Hila: Historia ya Maneno ya Ujanja katika Kiingereza

Utangulizi

Msomi wa Kiswahili anayefungua kamusi ya Kiingereza kutafuta neno linalolingana na "ujanja" hukutana na kundi kubwa la maneno. Atakuta "cunning", "crafty", "sly", "wily", "artful", "guile", "subtle", "shrewd", "devious" na mengine mengi. Akigeukia kamusi za lugha mbili atakuta kwamba karibu yote yamefasiriwa kwa vivumishi vilevile viwili au vitatu: -janja, -erevu, -enye hila. Maswali mawili yanazuka hapo. Je, maneno haya kweli ni visawe? Na kama si visawe, tofauti zake zimetoka wapi?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa njia ya historia. Ni desturi ya waandishi wa kamusi za visawe kueleza tofauti za maneno kama zilivyo leo, kana kwamba ziliwekwa na wazee wa lugha waliokaa barazani wakagawana kazi. Hivyo ndivyo alivyofanya George Crabb katika kitabu chake cha visawe vya Kiingereza cha mwaka 1816. Daktari Peter Mark Roget, katika faharasa yake kubwa ya mwaka 1852, aliyakusanya maneno ya ujanja chini ya kichwa kimoja, akayaweka kinyume chake maneno ya unyofu. Kazi hizo zina manufaa yake, lakini hazituambii kwa nini neno moja hulaumu na jirani yake husifu. Dai letu ni kwamba kila neno katika kundi hili limebeba kumbukumbu ya mahali lilipozaliwa, na kwamba asiyeijua kumbukumbu hiyo, anaposoma maandishi ya zamani, huweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa.

Ndugu wawili na maneno mawili

Tuanze na mfano ulio wazi. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, Biblia ya Kiingereza iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James mwaka 1611 inamweleza Esau kuwa mwindaji, na kivumishi kinachotumika ni "cunning". Sura mbili baadaye Isaka, aliyekuwa haoni tena, anagundua kwamba baraka alizomkusudia Esau zimechukuliwa na Yakobo. Hapo Isaka anasema kwamba Yakobo alikuja kwa hila, na nomino inayotumika katika Kiingereza ni "subtilty".

Msomaji wa leo asiyejua historia ya maneno haya huyaelewa kinyume. Kwake yeye "cunning" ni lawama, na "subtle" ni sifa ya mtu mwenye akili nyembamba inayopenya mambo magumu. Kwa hiyo huona kwamba Esau ndiye mjanja na Yakobo ndiye mwenye fikra za hali ya juu. Lakini wafasiri wa 1611 walikusudia kusema kwamba Esau alikuwa stadi wa kuwinda, na kwamba Yakobo alidanganya. Katika muda wa karne nne maneno haya mawili yamebadilishana viti, na ndugu wawili nao wamebadilishiwa sifa bila herufi moja ya masimulizi kuguswa.

Mfano huu unaonyesha kwamba katika jambo hili kuna zaidi ya ladha ya maneno. Anayetafsiri, anayefundisha fasihi, na anayechambua hati za kale za mahakama au za serikali, wote wanategemea kujua neno lilikuwa na uzito gani siku lilipoandikwa.

Maneno yaliyozaliwa katika ujuzi

Sehemu kubwa ya maneno ya ujanja katika Kiingereza haikuanza na ubaya wowote. Yalikuwa maneno ya elimu, nguvu na kazi.

Neno "cunning" limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale, cunnan, chenye maana ya kujua na kuweza. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa "can", ambacho hadi leo hudokeza uwezo, nacho kina nasaba na "know". Katika karne ya 14, kumwita mtu "cunning" kulikuwa ni kumwita mjuzi. Nomino yake ilitumika kwa elimu yenyewe, hata ile ya vyuoni. Maana ya udanganyifu ilishika mizizi mwishoni mwa karne ya 16, na kwa muda maana zote mbili ziliishi nyumba moja. Shakespeare ni shahidi mzuri. Katika Romeo and Juliet, mzee Capulet anaagiza waitwe wapishi ishirini walio "cunning". Anataka wapishi mahiri kwa karamu ya arusi, wala hana haja na walaghai. Lakini katika King Lear, Cordelia anapowaaga dada zake anatumia neno hilohilo kwa unafiki uliokunjwakunjwa, ambao anasema wakati utaufunua.

"Crafty" lina historia ya kale zaidi. Shina lake, cræft, lilikuwa na maana ya nguvu, kisha ya ustadi. Kijerumani kimeihifadhi maana ya kwanza: Kraft ni nguvu, na kräftig ni mwenye nguvu. Katika Kiingereza nguvu za mwili ziliachwa nyuma, ukabaki ustadi wa mikono na wa akili. Baadaye nomino na kivumishi viliachana. Nomino "craft" bado ina heshima ya fundi wa mbao au mfinyanzi, lakini kivumishi "crafty" tangu karne ya 13 hivi kilianza kuelekea upande wa hila, na leo hakimsifu fundi tena. Anayetaka kumsifu fundi hana budi kutafuta neno jingine.

"Sly" lililetwa Uingereza na Waskandinavia, likaingia katika maandishi ya Kiingereza mnamo mwaka 1200. Katika lugha yao lilihusiana na kitenzi cha kupiga: aliyeitwa hivyo alikuwa mtu awezaye kupiga, mwenye shabaha. Katika Kiingereza cha Kati liliweza kumsifu mtu mwenye hekima na ustadi. Nduguye, "sleight", amebaki katika usemi unaotaja wepesi wa mikono wa mfanya kiinimacho. Hapa daraja kati ya ustadi na udanganyifu linaonekana dhahiri, maana mfanya kiinimacho ana ustadi wa kweli, na kazi ya ustadi huo ni kudanganya macho.

Wa mwisho katika ukoo huu ni "artful". Neno hili ni changa, kwani lilianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 17 kwa maana ya mwenye elimu na sanaa. Lilichukua njia ileile iliyopitwa na watangulizi wake, na kufikia karne ya 18 lilikwisha kuwa neno la mtu mwenye mbinu. Charles Dickens, katika Oliver Twist iliyotoka kwa mfululizo kati ya 1837 na 1839, alimpa kijana mdogo mwizi wa mifukoni jina la utani lenye neno hili, na tangu hapo ni vigumu kwa Mwingereza kulisikia bila kumkumbuka kijana huyo. Kwa upande mwingine "artless", yaani asiye na sanaa, limekuwa sifa ya mtu mnyofu. Lugha imefikia mahali ambapo kukosa ustadi ni dalili ya moyo safi.

Mwaka 1611 na mwaka 1612

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa "cunning" lilikwisha kupata maana mbaya mwishoni mwa karne ya 16, kwa nini Biblia ya 1611 inalitumia kwa sifa? Jibu lake linatufundisha jambo muhimu kuhusu tarehe za maandishi.

Mwaka mmoja tu baada ya Biblia hiyo, yaani 1612, Francis Bacon alitoa chapa mpya ya insha zake, na miongoni mwake ilikuwamo insha juu ya "cunning". Bacon analitumia neno hilo kwa maana moja tu: hekima iliyopinda. Anasema kwamba tofauti kati ya mtu wa namna hiyo na mtu mwenye hekima si ya uaminifu peke yake, bali ni ya uwezo pia, kwa kuwa wapo watu wanaojua kupanga karata kwa wizi ilhali hawajui kucheza. Katika insha hiyo, aliyoipanua katika chapa ya 1625, anazieleza hila ndogondogo za watu wa baraza la mfalme: kumchunguza mtu kwa macho unapozungumza naye, au kuliweka jambo kuu katika nyongeza ya mwisho wa barua kana kwamba limekumbukwa kwa bahati tu. Naye anaonya kwamba hakuna kinachoidhuru dola kuliko wajanja kudhaniwa kuwa wenye hekima.

Bacon aliyajua mambo hayo kwa karibu. Alikuwa mwanasheria wa serikali tangu 1607, akapanda hadi kuwa Mkuu wa Sheria wa dola mwaka 1618, na mwaka 1621 akaondolewa kwa kosa la kupokea rushwa. Insha iliyopanuliwa ya 1625 iliandikwa na mtu aliyekwisha kupanda ngazi hiyo na kuanguka kutoka juu yake.

Basi tuna vitabu viwili, vilivyochapishwa London katika muda wa miaka miwili, na neno moja linalosifu katika kimoja na kulaumu katika kingine. Ufumbuzi ni kwamba tarehe ya kuchapishwa na umri wa lugha ni mambo mawili. Wafasiri wa Mfalme James waliagizwa waifuate Biblia ya Maaskofu ya 1568 na kuibadili kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, nayo ilikuwa imejengwa juu ya tafsiri zilizotangulia, hasa kazi ya William Tyndale aliyeuawa mwaka 1536. Kwa hiyo lugha ya 1611 ilikuwa lugha ya mababu hata siku ilipotoka mtamboni. Bacon aliandika lugha ya watu wa baraza waliokuwa hai. Mwanahistoria wa maneno anayeridhika na mwaka ulioandikwa kwenye jalada atapotea njia.

Maneno yaliyozaliwa mtegoni

Ukoo wa pili ni wa maneno ambayo hayakuwa na utoto mwema. "Wile", lililozaa "wily", na "guile" yanaonekana kuwa mapacha. Lugha ya Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 ilitumia sauti ya w pale ambapo Kifaransa cha sehemu za kati kilitumia g, na Kiingereza mara nyingi kiliyapokea maneno ya pande zote mbili. Ndiyo sababu kina "ward" na "guard", na pia "warranty" na "guarantee". Wanaisimu wengi huyaweka "wile" na "guile" katika jozi za namna hiyo, ingawa asili ya "wile" ina mjadala.

Mapacha hawa waligawana kazi. "Wile" ni tendo: ni mtego mmoja mmoja, na kwa hiyo hutumika sana katika wingi. "Guile" ni hali ya moyo, ni nia iliyofichwa, na mara nyingi hutajwa ili kukanushwa: mtu husifiwa kwamba hana "guile". Ndivyo Biblia ya 1611 inavyomtaja Nathanaeli katika Injili ya Yohana. Kielezi cha "wily" kinatumika katika kitabu cha Yoshua kwa Wagibeoni, waliokuja na mikate iliyokauka na viatu vikuukuu ili waonekane wametoka nchi ya mbali. Walikuwa dhaifu mbele ya jeshi, wakaokoka kwa mtego. Hadi leo "wily" lina harufu hiyo ya mtu anayejua kutega na kutegua, na mara nyingi huandamana na heshima kidogo kwa adui aliyetushinda.

Kilatini nacho kilileta maneno mawili yenye picha. "Insidious" limetokana na insidiae, yaani watu waliokaa mahali kuvizia. "Devious" limetokana na devius, kilicho nje ya njia. La kwanza ni picha ya kukaa na kungoja. La pili ni picha ya kwenda kwa kuzunguka. Picha hizo bado zinatawala matumizi. Maradhi huweza kuitwa "insidious" kwa sababu huingia mwilini polepole kabla mgonjwa hajajua, lakini hakuna anayeyaita "devious". Barabara inayopindapinda huweza kuitwa "devious", nayo haijamkosea mtu.

Maneno yaliyopanda

Ingekuwa rahisi kusema kwamba maneno ya akili huanguka daima. Historia haikubali. Yapo yaliyopanda.

"Shrewd" lilitokana na "shrew", jina la mnyama mdogo anayefanana na panya, ambaye watu wa kale waliamini kwamba ana sumu na kwamba huleta balaa. Jina hilo lilitumika pia kwa mtu mwovu au mgomvi, na Shakespeare aliliweka katika jina la tamthilia yake The Taming of the Shrew. Katika Kiingereza cha Kati, mtu "shrewd" alikuwa mwovu hasa. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 neno lilianza kuhamia kwa mtu mwenye akili kali, na leo mfanyabiashara akiitwa hivyo hufurahi. Ukali wa jino la mnyama umekuwa ukali wa jicho.

"Subtle" tumekwisha kuligusa. Asili yake ni Kilatini subtilis, neno ambalo kwa kawaida huelezwa kwa sanaa ya kufuma: uzi mwembamba upitao chini ya mtande. Wembamba huo ulimfaa fundi, ukamfaa mwanafalsafa, ukamfaa pia mdanganyifu. Kilichofanyika baadaye ni kwamba mdanganyifu alitolewa nje. Tunaweza kuiona hatua hiyo katika tafsiri za kisasa za Mwanzo 3:1. Tafsiri ya Marekani ya 1952 bado ilimwita nyoka "subtle", lakini tafsiri mpya ya Uingereza ya 1970 na ile mashuhuri iliyokamilika mwaka 1978 zote mbili zilimpa "crafty". Wafasiri walitambua kwamba wakiliacha neno la zamani, msomaji atadhani nyoka anasifiwa.

Tuongeze "astute", lililochukuliwa kutoka Kilatini na kubaki upande wa sifa, na "canny", neno la Waskoti. Hili la mwisho lina maana kubwa kwetu kwa sababu ni ndugu wa damu wa "cunning", likiwa limetoka katika kitenzi kilekile cha kuweza. Ndugu mmoja amebaki kaskazini akawa sifa ya mtu mwangalifu asiyepoteza fedha zake. Mwingine amekaa kusini akawa lawama. Kwa hiyo mzizi wa neno si hukumu yake. Hukumu hutolewa na watu wanaolitumia na mahali wanapoishi.

Tofauti kama zilivyo leo

Baada ya kuifuata historia hiyo, tofauti za leo hazina kificho tena. "Cunning" hutaja uwezo wa akili wa kulifikia lengo lililofichwa, na kwa kuwa hutumiwa sana kwa mbweha na wanyama wengine, lina dharau ya akili isiyo na hekima. "Crafty" huongeza mazoea na mpango wenye sehemu nyingi, kama wa fundi aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. "Sly" hutaja ukimya na jambo dogo linalopita chini ya macho, na tabasamu huweza kuwa "sly" lakini si rahisi liwe "wily". "Wily" huhitaji mpinzani. "Artful" huhitaji watazamaji, kwa kuwa udanganyifu wake una urembo. "Shrewd" halidanganyi bali halidanganyiki: linataja anayeona mbali na kupenya maneno ya mwenzake. Tofauti hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayopotea upesi zaidi tunapotafsiri yote kwa "mjanja".

Kwa nini ujuzi ulishukiwa?

Inatubidi sasa tuulize sababu. Ya kwanza ni ya kijamii. Baada ya 1066 elimu ya juu, sheria na utawala vilitumia Kilatini na Kifaransa, na maneno kama "science" na "prudence" yakachukua kiti cha heshima. Maneno ya wenyeji, "cunning" na "crafty", yaliachiwa ujuzi wa watu wadogo, yaani wawindaji, mafundi na wachuuzi. Ujuzi wa mtu mdogo, machoni pa aliye juu yake, hauchukui muda kuitwa hila.

Ya pili ni hofu ya elimu isiyo na kibali. Katika vijiji vya Uingereza walikuwako watu walioitwa "cunning men" na "cunning women", ambao waliwaponya wagonjwa, walitafuta mali iliyoibwa na kuwafichua wachawi. Mwanahistoria Keith Thomas aliwachunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya dini na kufifia kwa uganga. Kwa majirani walikuwa wajuzi; kwa kanisa na mahakama walikuwa watu wa kutiliwa shaka. Neno "wizard" nalo limejengwa juu ya "wise", mwenye hekima, likaongezewa kiambishi cha dharau kinachoonekana pia katika jina la mlevi na la mwoga.

Ya tatu ni siasa. Baada ya kitabu cha Machiavelli juu ya mtawala kuchapishwa mwaka 1532, jina lake lilikuwa kama tusi Uingereza, na hata neno "politician" lilipoanza kutumika mwishoni mwa karne hiyo lilikuwa na maana ya mtu wa njama. Ndiyo hali aliyoandikia Bacon. Thomas Hobbes naye, katika Leviathan ya 1651, alipambanua busara na "craft" kwa kigezo cha njia inayotumika: busara ikisaidiwa na njia zisizo za haki hugeuka kuwa hekima iliyopinda. Wanafalsafa hawa wawili walifanya kazi ya ulinzi. Waliliondoa neno la ujuzi mikononi mwa wadanganyifu kwa kuwaachia neno moja na kuwahifadhia wenye hekima jingine.

Kiswahili na funzo lake

Kiswahili kina njia iliyofanana na hii, na kutoifahamu kumetugharimu. Neno "hila" tulilitoa katika Kiarabu, ambako lilikuwa na maana pana ya mbinu au njia ya kulitengeneza jambo gumu. Ndugu watatu wa Baghdad, wana wa Musa, waliandika katika karne ya 9 kitabu cha hiyal, yaani wingi wa hila, na yaliyomo ni maelezo ya mitambo ya ajabu. Al-Jazari alikamilisha kitabu cha namna hiyo mwaka 1206. Mafakihi nao walilitumia neno hilo kwa njia za kuepuka uzito wa sheria bila kuivunja dhahiri yake. Huo ni uhusiano uleule ulioko katika Kilatini, ambako machina imezaa neno la mtambo na pia neno la njama, na ingenium imezaa neno la akili ya ubunifu, neno la injini, na kwa njia ya Kifaransa neno la mtego wa ndege. Katika Kiswahili upande wa udanganyifu umeshinda, lakini upande wa mbinu haujafa: asemaye "sina hila" haungami unyofu wake, bali anasema kwamba hana njia wala uwezo.

"Ayari" nalo linafundisha. Kwetu ni laghai. Katika Baghdad na Uajemi wa karne za kati, neno hilo lilikuwa jina la vikundi vya vijana wa mitaani, ambao watawala waliwaita wanyang'anyi na wengine waliwaona kuwa mashujaa wenye murua. Neno limefika pwani yetu likiwa na hukumu ya upande mmoja tu.

Neno "werevu" lina uzito wake wa pekee. Methali yasema, mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Mzizi mmoja umetumika mara mbili katika methali hii, na kila mara una hukumu yake. Mwerevu ni yule anayekula kwa ujinga wa mwenzake. Lakini kuerevuka kwa mjinga ni kufumbuka macho, nako ni ukombozi. Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 ilipomwita nyoka "mwerevu" katika Mwanzo 3:1, iliteua neno linalobeba pande zote mbili, kama lilivyobeba neno la Kiebrania, arum, ambalo katika kitabu cha Mithali humsifu mtu mwenye busara. Hapo Kiswahili kimekuwa karibu na asili kuliko Kiingereza cha 1978.

Mahali pengine hatukuwa na bahati hiyo. "Guile" ya Nathanaeli, "subtilty" ya Yakobo na "wiles" za Shetani katika Waefeso 6:11, zote katika Kiswahili ni "hila". Wafasiri hawakuwa wakifuata Kiingereza tu, na hatuna haki ya kuwalaumu kwa hilo. Lakini nia iliyofichwa, tendo la kudanganya na mitego mingi ni mambo matatu, na Kiswahili hakikosi maneno: kuna ghiliba, hadaa, vitimbi, ulaghai, werevu na ujanja. Anayelaghai hutumia maneno matamu. Mwenye vitimbi hutega mara kwa mara. Mwerevu huenda hamdanganyi mtu. Katika miji yetu "mjanja" naye ameanza kupanda kama "shrewd" alivyopanda, akawa mtu asiyechezewa. Kijana anayeitwa hivyo leo huona amesifiwa, ilhali babu yake angedhani ameshitakiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba maneno ya ujanja katika Kiingereza yametoka katika koo mbili, ule wa ujuzi na ule wa mtego, na kwamba baadhi yameshuka na baadhi yamepanda kwa sababu za kijamii ambazo tunaweza kuzitaja. Tumeona pia kwamba mzizi peke yake hautoshi, wala tarehe ya kitabu peke yake haitoshi. Linalohitajika ni kujua nani alilitumia neno, akimhusu nani, na akisimama wapi.

Kwa watunga kamusi hili linamaanisha kwamba kila kidahizo cha kundi hili kipewe mifano ya matumizi pamoja na alama ya kipindi, badala ya kurundikiwa visawe. Kwa wafasiri linamaanisha kwamba anayekutana na "cunning" katika maandishi ya kabla ya karne ya 17 aanze kwa kujiuliza kama "ajuaye" au "stadi" halitoshi, kabla hajaandika "mjanja". Swali hili lilimkabili hata Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, kwa kuwa Kiingereza cha Shakespeare kiliandikwa hasa katika miaka ile neno lilipokuwa na maana mbili. Kwa waalimu wa lugha linamaanisha kwamba somo la visawe lisifundishwe bila historia. Esau amekwisha kupokonywa baraka zake mara moja. Si vema wasomaji wa leo wampokonye na ustadi wake.